Msaada wa Masomo kwa Vijana Wetu wa Kompyuta: Haja Ilipimwaje, Zamani na Sasa

Kila mwaka, majira ya joto yanapokwisha na miti ya Vällingby inapoanza kugeuka rangi, hunijia mzazi mmoja au mwengine na barua. Zamani barua ilikuwa ndani ya bahasha, siku hizi imo ndani ya simu, lakini uso wa mwenye kuileta haukubadilika: ni uso wa mtu aliyeitwa mahakamani. Barua yenyewe hutoka CSN, ofisi ya serikali yenye makao yake mjini Sundsvall, inayotoa posho na mikopo kwa wanafunzi. Kijana amekubaliwa kusoma kompyuta, pale Kista au kwengineko, na ofisi imemwandikia kuwa atapata kiasi kadhaa kwa mwezi. Maswali ya mzazi ni yale yale. Mwalimu, pesa hizi ni za nani? Ni za bure au ni deni? Na kama ni deni, lina riba? Kisha, akishatulia na chai imeshamiminwa, huuliza la nne: mbona mimi hawakuniuliza napata kiasi gani?

Hilo la nne ndilo lililonifanya nikubali ombi la mhariri la kuandika kurasa hizi. Wengi wetu tumetoka katika nchi ambazo msaada wa masomo huanza kwa kumwuliza mtoto habari za babake: yu hai au amekufa, ana shamba au hana, nyumba yake imeezekwa kwa bati au kwa makuti. Hapa kijana wa chuo kikuu haulizwi hayo. Wako wazee wenzetu wanaodhani kuwa ni uzembe wa makarani, na wako wanaodhani kuwa ni ukarimu wa Wazungu. Si hili wala si lile. Ni jambo lililopiganiwa, lina mwaka wake, na mmoja wa waliolipigania alikuwa jirani yetu.

Nianze na kwetu, maana wako wanaodhani kuwa kumsaidia mwanafunzi asiyejiweza ni jambo tulilolikuta Ulaya. Sisi tuliosoma chuoni (na kwetu sisi watu wa pwani neno chuo kwanza ni pale tulipojifunzia Kurani, kabla halijawa chuo kikuu) tunakumbuka kuwa mtoto alikuwa akienda na chochote alichonacho, na asiyekuwa na kitu alikwenda mikono mitupu akasomeshwa vile vile. Huko Lamu, Habib Saleh, sharifu aliyetoka visiwa vya Ngazija, alijenga msikiti wa Riyadha karibu na mwaka 1900, na wanafunzi waliokuja kutoka mbali walipata hapo pa kulala na cha kula. Mali ilitoka katika wakfu na sadaka za waumini. Haja ya mwanafunzi ilijulikana kwa kuwa amekuja na ameketi kusoma. Hapakuwa na fomu.

Hata elimu ya ufundi ilipata mfano wa namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianzishwa Mombasa taasisi ya elimu ya Kiislamu, tuliyoizoea kwa jina la MIOME, kwa michango mikubwa iliyomhusisha Sultani wa Unguja, Aga Khan na serikali ya kikoloni, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wajifunze umeme, mitambo na kazi za bahari. Wengi wa wazee wetu waliojua kutengeneza injini walipita hapo. Baada ya mageuzi kadhaa, mahali pale ndipo leo penye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na miongoni mwa yanayofundishwa humo ni kompyuta.

Sasa nije Uswidi. Nchi hii nayo haikuanza na haki. Mikopo ya serikali kwa wanafunzi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1910, na wazazi wanaoogopa riba watashangaa kusikia kuwa mikopo ile ya mwanzo haikuwa na riba. Lakini ilikuwa michache, na mwombaji alitakiwa athibitishe mambo mawili kwa pamoja, kuwa ana akili na kuwa hana kitu. Mnamo 1946 zikaja skolashipu za chakula na malazi, kwa masharti hayo hayo mawili. Aliyekosa hizo alikwenda benki, na benki ilitaka mdhamini. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda asiyekuwa na jamaa mwenye mali wa kumsimamia dhamana aliishia pale pale alipozaliwa. Chuo Kikuu cha Uppsala kimekuwapo tangu 1477, lakini kwa karne nyingi mtoto wa mkulima wa Uswidi alikisikia tu, kama sisi tulivyokuwa tukiisikia Oxford.

Mwaka 1954 una mambo mawili yanayotuhusu. Katika Barabara ya Drottninggatan, mjini Stockholm, ilikuwa imekwisha kuanza kazi mashine ya kuhesabu iitwayo BESK, iliyojengwa na Waswidi wenyewe, yenye taa zaidi ya elfu mbili kama zile za redio za zamani. Kwa muda mfupi ilihesabiwa kuwa miongoni mwa mashine zenye kasi kubwa kabisa duniani. Na tarehe 14 Novemba mwaka huo huo kilifunguliwa kituo cha Vällingby, mji mpya uliopangwa na Sven Markelius na wenzake, mtu apate kazi, makazi na maduka mahali pamoja. Reli ya chini ya ardhi ilikuwa imekwisha kufika miaka miwili kabla. Mashine na mji vilizaliwa karibu siku moja, lakini mtoto wa fundi wa Vällingby aliyetaka kuisomea mashine ile alikuwa bado hana njia, ila awe na akili ya ajabu na umaskini ulioandikwa.

Ndipo anapoingia jirani yetu. Olof Palme aliishi miaka mingi na familia yake katika nyumba za safu hapa Vällingby, hata alipokuwa Waziri Mkuu, na wakazi wa zamani wanasimulia kumwona akipita kama mtu yeyote. Yeye mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya watu wenye mali, na alikuwa amesoma katika chuo cha Kenyon, katika jimbo la Ohio huko Marekani, kwa skolashipu, akamaliza mwaka 1948. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla hajawa waziri, aliongoza tume ya serikali iliyochunguza hali za wanafunzi. Ripoti yake ya mwaka 1963 iliitwa, kwa Kiswahili chetu, Haki ya Kupata Fedha za Masomo. Tazameni neno la kwanza la jina hilo. Halikuwa sadaka, wala zawadi, wala tuzo.

Sheria iliyofuata ilianza kazi 1965. Ilisema kuwa mtu aliyefika utu uzima ni mtu, si tawi la babake. Kwa hiyo mali ya wazazi haitazamwi tena, wala mdhamini hatakiwi. Kinachotazamwa ni mapato ya mwanafunzi mwenyewe, na kama anasoma kweli na kufaulu. (Mapato ya mume au mke yaliendelea kuhesabiwa kwa miaka kadhaa, jambo lililowaudhi wanawake, na baadaye likaondolewa nalo.) Mtoto wa waziri na mtoto wa mfagiaji wakapata kiasi kile kile. Wako waliouliza, na wangali wapo, kwa nini mtoto wa tajiri apewe. Jibu la wakati ule lilikuwa kwamba tajiri atatoa kwa njia ya kodi, na kwamba mtoto wa maskini hatalazimika kujitangaza. Mimi nimelipima jibu hilo kwa miaka mingi na naona lina uzito, hasa sehemu yake ya pili. Nitaeleza sababu mbele.

Kuhusu fedha zenyewe, lazima niseme wazi, maana hapa ndipo familia zetu zinapokwama. Mwaka 1965 robo ya fedha zile ilikuwa ruzuku, yaani ya bure, na robo tatu deni. Ruzuku ikaachwa bila ya kupandishwa huku bei za vitu zikipanda, hata kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ilikuwa imebaki kama asilimia 6 tu ya jumla. Mwaka 1989 ikarudishwa juu mpaka karibu asilimia 30, na mwaka 2001 ikafika asilimia 34.5. Tangu hapo imekuwa takriban theluthi moja ya bure na theluthi mbili mkopo.

Na riba? Hapa historia ina jambo ambalo sijalisikia likisemwa misikitini. Kuanzia 1965 mpaka 1988 deni la mwanafunzi halikuwa na riba. Lilifungwa pamoja na kipimo cha bei: bei za vitu zikipanda, deni nalo lilipanda kwa kiasi hicho. Fikira yake ilikuwa kwamba aliyekopa thamani ya magunia kumi ya unga arudishe magunia kumi, si zaidi. Maneno hayo ni mazuri kwenye karatasi. Katika miaka ya 1970 bei zilipanda mbio, na mtu aliyekuwa akilipa kila mwaka aliona deni lake linazidi badala ya kupungua. Basi mwaka 1989 ukaletwa utaratibu wa riba ya kawaida, na mkopaji akawa analipa asilimia 4 ya mapato yake. Aliyekopa kuanzia 2001 hulipa kwa mafungu ya mwaka, kwa muda usiozidi miaka 25. Kima cha riba hupangwa na serikali kila mwaka, kwa kufuata gharama ya serikali yenyewe inapokopa. Mwaka 2022 ilikuwa sifuri kamili. Mwaka 2024 ilikuwa asilimia 1.23. Kijana mmoja alinijia mwaka ule wa sifuri akaniambia, Mwalimu, nikope mwaka huu tu, halafu niache. Ikanibidi nimweleze kuwa riba mpya ya kila mwaka huligusa deni zima, la sifuri na lisilo la sifuri. Jambo jengine ambalo wazee hupenda kulijua ni kwamba mdaiwa akifa deni hufutwa. Halikai shingoni mwa maiti wala halidaiwi warithi.

Mimi si mufti na sitatoa hukumu. Najua wanazuoni wanaokataza kabisa na najua wanaoruhusu kwa dharura. Ninachoweza kueleza ni yale yanayowafika vijana wanaokataa mkopo na kuchukua ruzuku peke yake, maana nimewaona. Theluthi moja haitoshi kula na kulala Stockholm. Basi kijana anakaa kwa wazazi, jambo ambalo si baya, na anatafuta kazi ya usiku: kusafisha maofisi, kubeba mizigo, kulea wazee. Masomo ya kompyuta hayana huruma kwa mtu aliyekesha. Hesabu na kuandika programu vinataka kichwa kitulivu, na kosa la herufi moja humla mtu saa tatu. Akishindwa mitihani, sheria inasema hawezi kuendelea kupata hata ile ruzuku mpaka aonyeshe amefaulu. Akifanya kazi sana mapato yake yakazidi kiwango kilichowekwa kwa nusu mwaka, sehemu ya ruzuku huondolewa, na kama ameshaipokea huidaiwa. Kwa hiyo aliyekimbia deni upande mmoja hulikuta limemsubiri upande wa pili. Wawili nawajua vizuri. Mmoja alimaliza, baada ya miaka sita badala ya mitatu. Mwengine aliacha, naye ana akili kuliko huyo wa kwanza. Kila nikimwona kwenye kituo cha treni tunaamkiana, na hatulizungumzi jambo hilo.

Ndiyo maana nawaomba wazazi wasimwachie kijana wa miaka 19 uamuzi huu peke yake, wala wasimwamulie kwa neno moja la jikoni. Kaeni naye na karatasi na kalamu. Kama nyumba inaweza kumlisha na kumlaza, ruzuku peke yake huenda ikatosha. Kama haiwezi, semeni ukweli huo kabla muhula haujaanza.

Kuna upungufu mwengine ambao sheria ya 1965 haikuuwazia, nao ni chombo chenyewe. Mwanafunzi wa sheria alihitaji vitabu, na vitabu viko maktaba. Mwanafunzi wa kompyuta anahitaji kompyuta, tena tangu angali mdogo, kabla ya kufika chuo kikuu. Mwaka 1998 serikali ilianzisha mpango wa kompyuta za nyumbani: mfanyakazi alipata kompyuta kwa kupitia mwajiri wake na kukatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, kwa nafuu ya kodi. Mpango ulidumu mpaka mwisho wa 2006, na hapana shaka uliingiza mashine katika nyumba nyingi sana za Uswidi. Lakini ulipita kwa mwajiri. Aliyekuwa na kazi ya kudumu alipata. Aliyekuwa akifanya kazi kwa saa, leo kwa huyu kesho kwa yule, au hana kazi kabisa, hakuwa na mlango wa kuingilia. Mpango ule haukumbagua mtu kwa jina lake wala rangi yake, na bado nyumba zetu nyingi zilibaki nje. Watoto wetu wa miaka ile walikuwa wakipanga zamu kwenye kompyuta za maktaba. Baadhi yao leo ni wahandisi, na wanapokuja kunitembelea hucheka wakikumbuka nusu saa ile ikimalizika katikati ya sentensi.

Kwa watoto wa sekondari, lakini, Uswidi bado inapima haja ya wazazi, na hapa familia zetu zinapoteza fedha kila mwaka kwa kutojua. Kila mwanafunzi wa sekondari ya juu, akishafika miaka 16, hupata posho ya mwezi, ambayo miaka ya karibuni imekuwa krona 1,250, bila ya kuomba. Juu ya hiyo iko nyongeza kwa nyumba zenye kipato kidogo: krona 285, 570 au 855 kwa mwezi, kwa kadiri ya mapato ya wazazi. Hii ya pili haiji yenyewe. Lazima iombwe, na iombwe kila mwaka wa masomo. Krona 855 kwa mwezi hununua kompyuta ya kutosha kabla mwaka haujaisha. Nimekutana na mama wa watoto watatu aliyekaa hapa miaka kumi na moja bila ya kuisikia.

Na wazazi wenyewe wasijihesabu wamekwisha. Tangu mwisho wa 2022 iko ruzuku ya kubadilisha kazi, kwa mtu mzima aliyefanya kazi angalau miaka minane katika kumi na minne, nayo kwa wengi hukaribia sana mshahara waliouzoea. Vyuo vya ufundi wa juu vinafundisha uangalizi wa mitandao na utengenezaji wa programu kwa miaka miwili. Waombaji ni wengi na majibu huchelewa, lakini mlango upo.

Sasa turudi nyumbani, maana simu zinazotoka huko ni nyingi kuliko barua za Sundsvall.

Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na wanne. Serikali ililipa yote. Aliyechaguliwa alikula na kulala kwa fedha za wakulima wa pamba na kahawa, na Mwalimu Nyerere hakuacha kuwakumbusha. Mwaka 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, karibu mia nne walirudishwa makwao, na siku hiyo hiyo Rais alitangaza kujipunguzia mshahara wake mwenyewe. Msaada ule ulikuwa wa bure kwa fedha, lakini ulikuwa na deni la adabu. Kompyuta nazo zilikuwa na mkosi wao: mwaka 1974, baada ya hasara iliyotokana na jaribio la kuziingiza katika hesabu za serikali, Tanzania ilipiga marufuku kuziingiza nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Vijana wa rika langu tulimaliza sekondari bila ya kuiona hata moja. Huku Uswidi, miaka ile ile, Chuo Kikuu cha Stockholm na KTH vilikuwa vimekwisha kuanzisha idara ya pamoja ya elimu ya kompyuta na mifumo.

Katika miaka ya 1990 serikali za Afrika Mashariki zilianza kuwataka wanafunzi wachangie gharama. Kenya ilikuwa na mikopo tangu 1974, ikaunda bodi yake mwaka 1995. Tanzania ilitunga sheria ya Bodi ya Mikopo mwaka 2004, na bodi ikaanza kazi mwaka uliofuata. Hapo ndipo mizani ya haja ilipofika kwetu kwa ukamilifu wake: cheti cha kifo cha baba, barua ya sheha au mtendaji, uthibitisho wa ulemavu. Deni nalo likawekewa ada ya asilimia 6 kwa mwaka, ya kulinda thamani ya fedha. Msomaji aliyefuatana nami atatambua kuwa ni fikira ile ile ya Waswidi ya mwaka 1965, ila Waswidi walifuata bei zilivyokwenda, na bodi iliweka kiwango kimoja cha kudumu. Makato kwa wenye kuajiriwa yalipandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8 mpaka 15 ya mshahara. Malalamiko yakawa makubwa, na siku ya Mei Mosi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuiondoa ile ada ya asilimia 6. Mwaka 2022 ikaanzishwa skolashipu yenye jina lake kwa wanaofaulu sana masomo ya sayansi katika kidato cha sita. Hiyo hupima akili. Ni jambo jema, lakini mtoto mwenye akili ya kati na baba asiyejiweza bado yuko mbele ya karani na cheti chake.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2023 ilianza utaratibu wa kuwagawa wanafunzi katika makundi kwa kadiri ya hali za familia, kwa hesabu inayofanywa na kompyuta, na kila kundi lina kiwango chake cha ruzuku, mkopo na mchango wa nyumbani. Watoto wa vibarua walijikuta wamewekwa pamoja na wenye uwezo, na rufaa zikamiminika. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kuwa utaratibu huo unakwenda kinyume na Katiba, na serikali ikakata rufaa. Vijana wetu wanaosoma kompyuta wautazame mfano huu kwa makini: mashine iliulizwa nani maskini, na ikajibu kwa kufuata yale iliyoandikiwa.

Na njia ya kuja huku? Mpaka 2010 kijana kutoka Unguja, Dar es Salaam au Mombasa aliyekubaliwa na chuo kikuu cha Uswidi hakulipa ada hata senti. Alihitaji nauli, viza na fedha za kujikimu. Baadhi ya wasomaji wa kitabu hiki walikuja hivyo. Kuanzia vuli la 2011, wanafunzi kutoka nje ya Ulaya wanalipa ada, na katika masomo ya kompyuta ada hiyo hupita krona laki moja kwa mwaka. Idadi ya waliokuja mwaka ule ilianguka vibaya sana. Ziko skolashipu za Taasisi ya Uswidi, nazo ni chache na hutaka mtu mwenye uzoefu wa kazi. Ulikuwapo pia ushirikiano wa Sida na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza 1977 na kuwasomesha walimu wengi wa vyuo. Lakini huo ulikuwa wa aliyekwisha kuwa mwalimu, si wa mtoto wa dada yako aliyemaliza kidato cha sita mwaka jana.

Ndiyo maana baadhi ya familia zetu zimekuwa zikichanga kuwalipia vijana wachache ada za kompyuta huko huko nyumbani, ambako ada ya mwaka mzima ni chini ya kodi ya nyumba ya miezi miwili hapa Stockholm. Katika kikao kimoja palizuka ubishi juu ya fomu. Wengine walitaka barua ya sheha, cheti cha kifo, na picha ya nyumba anayoishi mwombaji. Walisema, na si bila ya sababu, kuwa fedha ni za watu wanaoamka saa kumi za usiku kwenda kufagia, na haifai ziende kwa mtoto wa mwenye duka.

Mimi niliipinga picha. Katika skuli moja niliyosoma, ambayo sitaitaja, kila mwaka vilikuja vitambaa vya sare kwa watoto wasiojiweza. Majina yalisomwa asubuhi kwenye mstari, mbele ya skuli nzima, na aliyetajwa alitoka mbele kupokea. Nilitajwa miaka miwili. Mwaka wa tatu nilimwambia mama kuwa havikuja. Nilivaa suruali ya kaka yangu iliyopunguzwa mpaka nilipomaliza. Kitambaa kile kilikuwa kizuri, naye aliyekitoa, Mungu amlipe, hakujua kilivyokuwa kikigawiwa.

Tuliafikiana nusu kwa nusu. Fomu sasa inauliza umekubaliwa chuo gani, ada ni kiasi gani, bodi ya mikopo imekupa kiasi gani, na una kompyuta ya kufanyia kazi au huna. Barua ya sheha imebaki, kwa kura mbili. Picha imeondoka. Mwombaji wa kwanza wa fomu hii mpya aliandika kwenye swali la mwisho kuwa anayo kompyuta, ila betri imekufa na umeme kwao hukatika. Tukampelekea betri kabla ya ada.

Kwa walio hapa: mwisho wa kuomba nafasi za vyuo kwa muhula wa vuli ni tarehe 15 Aprili, na kukubaliwa chuoni si kukubaliwa CSN, hayo ni maombi mawili mbalimbali. Ile nyongeza ya watoto wa sekondari iombwe mara tu mwaka wa masomo unapoanza. Asiyesoma Kiswidi vizuri aje na karatasi zake maktaba ya Vällingby Jumamosi asubuhi. Mimi hukaa karibu na dirisha.